Lingoni: Tunda Jekundu la Kaskazini Lisilohitaji Sukari Ili Lidumu

Ninapoishi, kaskazini mwa Sweden katika jimbo la Västerbotten, misitu ya misonobari huanza pale nyumba zinapoishia, na chini ya misonobari hiyo hutanda kichaka kifupi ambacho mgeni anaweza kukikanyaga mwaka mzima bila kukitilia maanani. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 10 na 30, majani yake ni madogo na magumu, na kwa miezi mingi hakina cha kumvutia mpita njia. Mwishoni mwa Agosti hali hubadilika. Vijitawi vyake huning'iniza vishada vya matunda mekundu ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 6 hadi 10, na watu wa kila rika huonekana wameinama msituni wakiwa na ndoo. Wasweden huliita tunda hilo lingon. Katika makala haya nitaandika lingoni kwa tunda na mlingoni kwa mmea wake.

Nimeamua kuandika kwa sababu ndugu na marafiki wa nyumbani wamekuwa wakinitumia matangazo ya vidonge na unga wa tunda hili, wakiniuliza kama ni kweli linaondoa mafuta mwilini, linasafisha figo na kurudisha ujana. Nitayajibu maswali hayo kwa kadiri ninavyojua, lakini naomba nianze mbali kidogo, kwa sababu naona matangazo hayo yanalisifu tunda kwa mambo ambayo si sifa yake kubwa. Watu wa kaskazini walilithamini lingoni kwa karne nyingi kabla ya kidonge chochote kutengenezwa, na sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ni tunda linalochumwa mwezi wa Septemba na kuliwa mwezi wa Aprili, bila kupikwa, bila kukaushwa na bila kutiwa sukari.

Jina la kisayansi la mmea huu ni Vaccinium vitis-idaea, na aliyeuorodhesha kwa jina hilo mwaka 1753 ni Carl Linnaeus, mwenyewe akiwa Msweden wa kusini aliyeujua tangu utotoni. Ni mmea wa jamii ya Ericaceae, na ni ndugu wa bluberi na kranberi. Makazi yake yanauzunguka upande wote wa juu wa dunia: Norwe, Sweden, Finland, nchi za Baltiki, Urusi hadi mwisho wa Siberia, milima ya Japani, Alaska, na Kanada hadi kisiwa cha Newfoundland. Wafini huliita tunda hili puolukka, Wasami wa kaskazini, wenyeji wa asili wa huku, jokŋa, Wanorwe tyttebær, Warusi brusnika, Wajerumani Preiselbeere na Wajapani kokemomo. Mlingoni wa Amerika ya Kaskazini ni mfupi zaidi kuliko wa Ulaya, na wataalamu wengi huuhesabu kuwa nususpishi ya pekee.

Mlingoni haupukutishi majani. Miti ya majani mapana ya huku huvuliwa majani yote kufikia mwezi wa Oktoba, lakini mlingoni huingia chini ya theluji ukiwa wa kijani, na jani lake moja linaweza kudumu miaka miwili au mitatu. Upande wa juu wa jani hung'aa kama uliopakwa nta, kingo zake zimejikunja kidogo kuelekea chini, na upande wa chini ni wa kijani hafifu wenye vidoadoa vyeusi. Wasomaji walioko Ulaya wavishike kichwani vidoadoa hivyo, kwa kuwa vitawafaa nitakapofika kwenye mimea inayofanana na mlingoni. Theluji, ambayo mtu wa pwani anaweza kudhani ni adui wa mmea, ndiyo inayoulinda: hewa ya nje inaweza kushuka hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, lakini chini ya theluji nene baridi haifiki kiwango hicho, na upepo mkavu haupati nafasi ya kukausha majani. Theluji inapoyeyuka, mmea tayari una majani ya kupokea jua, ilhali majirani zake ndio kwanza wanaanza kuchipua. Hatari kwake ni jalidi ya ghafla ya mwezi wa Juni, wakati maua yake madogo ya umbo la kengele, meupe au ya waridi hafifu, yameshafunguka na nyuki wakubwa wenye manyoya wanayazungukia. Usiku mmoja mbaya wa Juni unaweza kulifuta vuno la wilaya nzima, na ndiyo maana wachumaji huzungumzia mwaka mzuri na mwaka mbaya kwa uzito ambao wakulima wetu huuweka kwenye mvua za masika.

Chini ya ardhi mmea hutambaa kwa mashina yanayotoa vichipukizi vipya kila upande, hivyo eneo lote unaloliona limefunikwa na milingoni linaweza kuwa mmea mmoja. Moto wa msituni unapopita na kuunguza kila kilicho juu, mashina hayo huchipua tena. Udongo unaoupenda ndio udongo ambao mkulima angeukataa: wenye mchanga, wenye tindikali nyingi na wenye rutuba haba. Mizizi yake midogo huishi pamoja na kuvu wa aina maalumu ambao huyavunja mabaki ya majani yaliyooza nusu na kuupatia mmea naitrojeni ambayo mimea mingine haiwezi kuichukua kirahisi. Ukimwaga mbolea kwenye eneo hilo kwa nia ya kuusaidia, utakuwa umewasaidia maadui zake, kwa sababu nyasi zitapata nguvu, zitarefuka na kuusonga. Wenye misitu ya biashara huku wanaijua hali hiyo, kwani mahali walipotia mbolea ili misonobari inenepe, milingoni hupungua. Kwa upande mwingine, mwanga wa jua huuongezea matunda, na wachumaji wazoefu hupendelea misonobari iliyoachana au maeneo yaliyokatwa miti miaka kadhaa iliyopita.

Sasa nirudi kwenye sifa niliyoitaja. Lingoni ina asidi ya benzoiki kwa wingi usio wa kawaida kwa tunda. Asidi hiyo ndiyo ambayo viwanda huiongeza kwa makusudi, mara nyingi kwa sura ya sodiamu benzoeti, kwenye soda, sosi ya nyanya na juisi za chupa; ukiona E211 kwenye lebo, ndiyo hiyo. Kazi yake ni kuzuia hamira na ukungu visiote. Haifanyi kazi mahali popote, bali hutaka mazingira makali yenye tindikali, kwa sababu ni katika hali hiyo tu chembe zake hubaki nzima na kuweza kupenya ukuta wa kiumbe kinachotaka kuozesha chakula. Lingoni ina vyote viwili, kwa kuwa pamoja na asidi ya benzoiki ina asidi za sitriki na maliki zinazoishusha pH yake hadi karibu 3 au chini ya hapo. Tunda limejitengenezea dawa ya kujihifadhi pamoja na mazingira ambamo dawa hiyo hufanya kazi. Wanaojaribu kutengeneza divai ya lingoni nyumbani hulalamika kwamba hamira haitaki kuamka, na sababu yao ni hiyohiyo.

Kutokana na hali hiyo kulikuwa na njia ya kuhifadhi ambayo, kwa mtu aliyezoea chakula kuharibika siku ya pili, ni vigumu kuiamini. Lingoni zilioshwa, zikatiwa katika chombo cha mbao au cha udongo, zikamwagiwa maji safi hadi zikafunikwa, kisha chombo kikawekwa mahali pa baridi. Hakukuwa na hatua nyingine. Wasweden huziita vattlingon, yaani lingoni za maji, na Warusi wana mapishi yao ya brusnika ya kulowekwa, wakati mwingine pamoja na tufaha. Katika miezi ambayo shamba limekuwa jiwe na mboga pekee ni viazi na kabichi ya chumvi, chombo hicho kilikuwa mojawapo ya vitu vichache vyenye ladha ya tunda katika nyumba ya maskini. Jemu ya lingoni ambayo dunia nzima inaifahamu leo ni desturi changa kuliko watu wanavyodhani. Sukari ilikuwa anasa ya wenye mali mpaka karne ya 19, ambapo kilimo cha viazisukari vya Ulaya kilipopanuka bei ikashuka, na ndipo watu wa kawaida walipoanza kuitia kwenye matunda yao. Mimi nimezionja lingoni za maji kwa mzee jirani yetu, ambaye bado huweka mtungi mmoja kila mwaka, na kwa kweli ni chungu na kali kiasi kwamba uso hukunjamana. Hata hivyo, zikikaa pembeni ya nyama ya mafuta, utaelewa mara moja kwa nini zimedumu.

Mtu anayeonja lingoni peke yake, akitarajia utamu, hukata tamaa. Huku halihesabiwi hasa kuwa tunda la kula mkononi, kwani kazi yake mezani ni ileile ya achari kwenye sinia ya pilau: kukata mafuta na kuamsha ulimi. Kila mtu amesikia habari za köttbullar, yaani vitonge vya nyama na mchuzi wa malai, ambavyo huletwa pamoja na viazi na kijiko cha lingoni. Kuna mengi zaidi ya hayo. Raggmunk ni chapati nyembamba ya viazi mbichi vilivyokunwa na kukaangwa, ambayo kwa kawaida huambatana na nyama ya nguruwe na lingoni. Palt ni tonge zito la viazi na unga, linalopendwa sana katika pwani ya kaskazini, hasa mjini Piteå, na wengi hulila pamoja na siagi na lingoni. Blodpudding hutengenezwa kwa damu, mara nyingi ya nguruwe, kwa hiyo msomaji Mwislamu aliyealikwa mahali na kuona kipande cheusi pembeni ya lingoni afadhali aulize kwanza. Upande wa Finland kuna poronkäristys, nyama ya kulungu wa kaskazini anayefugwa na Wasami na Wafini wa Lapland, iliyokatwa nyembamba sana, kukaangwa katika mafuta na kuchemshwa taratibu, kisha kupakuliwa juu ya viazi vya kuponda pamoja na lingoni zilizopondwa. Huko Ujerumani na Austria hulila pamoja na nyama ya porini, na wakati mwingine pamoja na jibini iliyookwa.

Njia ya kuzitayarisha ninayoipenda mimi ni ile inayoitwa rårörda lingon, yaani lingoni zilizokorogwa zikiwa mbichi. Chukua nusu kilo ya lingoni zilizosafishwa na kukauka maji, zitie gramu 200 hadi 250 za sukari, kisha ukoroge kwa kijiko cha mbao, uache zipumzike, ukoroge tena mpaka punje za sukari zipotee zote. Baadhi ya matunda yatapasuka na mengine yatabaki mazima, na ndivyo inavyotakiwa. Hakuna moto unaohitajika. Ukiweka katika chupa safi ndani ya friji, itakaa wiki nyingi. Wapo wanaopunguza sukari zaidi ya hapo, nami nimeanza kuwafuata, maana kadiri sukari inavyoongezeka ndivyo lingoni inavyogeuka kuwa jemu nyekundu isiyotofautiana na jemu nyingine.

Wafini wana uji ambao watoto wetu wameupokea bila kubembelezwa, na huitwa vispipuuro. Chemsha lingoni kama gramu 300 katika lita moja ya maji hadi zipasuke, tia sukari kwa ladha yako, kisha nyunyiza semolina kidogo kidogo huku ukikoroga, kama desilita moja na nusu, na uache uive. Uji ukishapoa kabisa, upige kwa mchapo au kwa mashine ya kuchapia mayai mpaka ujae hewa, uwe mwepesi na ugeuke rangi ya waridi. Huliwa baridi, ukimwagiwa maziwa. Anayetaka uji laini anaweza kuchuja maganda kabla ya kutia semolina, ingawa wapishi wengi hawajishughulishi.

Kuhusu uchumaji, jambo lililonishangaza nilipofika ni kwamba hakuna aliyeniuliza ninachuma katika shamba la nani. Sweden, Finland na Norwe zina desturi ya haki ya kila mtu, inayoitwa allemansrätten kwa Kiswidi na jokamiehenoikeus kwa Kifini, ambayo humruhusu mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, kupita msituni na kuchuma matunda ya porini na uyoga hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi asikaribie makazi ya watu, asiharibu mazao wala miti, na asiguse mimea inayolindwa na sheria. Sweden iliitaja haki hiyo katika katiba yake mwaka 1994. Nchini Finland, mtu anayechuma matunda ya porini na kuyauza mwenyewe kwa kawaida halipi kodi ya mapato kwa fedha hizo. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo kila mwembe una mwenyewe na kila mwenyewe ana fimbo, utaratibu huu huchukua muda kuuamini.

Kifaa cha kazi ni kikasha chenye mpini na meno marefu kama ya chanuo, ambacho husukumwa kati ya vijitawi na kuinuliwa, matunda yakabaki ndani na majani mengi pia yakabaki. Kusafisha ndiko kunakochosha. Wengi huyamimina matunda juu ya waya au ubao ulioinamishwa, ambapo matunda yenye afya hubingirika hadi kwenye ndoo na majani hukwama njiani. Wengine husubiri upepo na kupepeta kama tunavyopepeta mchele. Subira nyingine inahusu wakati. Lingoni huanza kuwa nyekundu kabla haijaiva, na anayeikimbilia mapema atapata tunda gumu lenye upande mweupe na uchungu mwingi. Ikiachwa hadi Septemba, rangi hukolea na ladha hutulia.

Biashara ina upande ambao haupendezi. Sehemu kubwa ya lingoni na bluberi za porini zinazofika viwandani huchumwa na wafanyakazi wa msimu, na kwa miaka mingi maelfu yao wametoka Thailand, wakikopa fedha za tiketi na visa kabla hata hawajaona ndoo. Mwaka ukiwa mbaya, kama ule wa jalidi ya Juni niliyoieleza, mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa na deni kubwa kuliko alilokuja nalo. Kesi za usafirishaji haramu wa binadamu zinazohusu wachumaji zimefika mahakamani Sweden na Finland. Haki ya kila mtu iliwekwa kwa ajili ya mwanakijiji na kapu lake. Kampuni zimejenga juu yake biashara isiyomlipa mwenye ardhi na mara nyingine isiyomlipa vyema mchumaji, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo kwa kuwa tu tunda ni zuri.

Sasa nifikie maswali ya afya. Kuhusu vitamini C, gramu 100 za lingoni zina takriban miligramu 10 au pungufu, ilhali chungwa lina zaidi ya 50 na pera linaweza kupita 200. Mtu wa Morogoro au Machakos anayeagiza unga wa lingoni kwa ajili ya vitamini hiyo anapita mbele ya mapera ya sokoni akienda kununua kitu hafifu kwa bei ya juu. Kuhusu unene, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund walichapisha mwaka 2014 majaribio ya panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi, na kweli wale waliochanganyiwa lingoni hawakunenepa kama wenzao. Panya hao, hata hivyo, walikula lingoni kwa kiasi kikubwa kikilinganishwa na chakula chao chote, na matokeo ya panya hayawezi kuhamishiwa kwa binadamu kwa sababu tu muuzaji anahitaji sentensi ya kuweka kwenye pakiti.

Jambo lenye uzito zaidi ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nyumbani huitwa UTI tu. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Finland uliowahusisha wanawake 150 waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilikunywa kila siku, kwa miezi sita, mililita 50 za kinywaji kilichokolezwa cha kranberi na lingoni. Baada ya miezi hiyo sita, asilimia 16 ya wanawake wa kundi hilo walikuwa wamepata maambukizi tena, wakati katika kundi lisilopewa chochote walikuwa asilimia 36. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini tusome vizuri: kinywaji kilikuwa mchanganyiko wa matunda mawili, wanawake walikuwa 50 katika kila kundi, na lililopimwa ni kuzuia maambukizi yasirudi kwa mtu aliyekwisha kutibiwa. Mwenye homa, maumivu ya kiuno na mkojo wenye damu anahitaji kwenda hospitali siku hiyohiyo, wala asikae nyumbani akinywa juisi.

Majani nayo yametumika kama dawa tangu zamani katika Ulaya na Urusi, yakichemshwa kama chai kwa ajili ya kibofu. Yana arbutini, ambayo mwilini hubadilika na kutoa hidrokwinoni, kemikali inayoweza kuua bakteria na ambayo kwa kiasi kikubwa ina madhara. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameisikia hidrokwinoni katika habari za krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku, na ni ileile. Kwa hiyo chai ya majani ya mlingoni si kinywaji cha kila siku, na mjamzito au mwenye ugonjwa wa ini au figo asiitumie bila kumwuliza daktari. Tunda lenyewe halina tatizo hilo kwa mtu mwenye afya anayelila kwa kijiko.

Walioko huku na wanaotaka kuchuma wenyewe wanapaswa kujua mimea miwili inayochanganya watu. Wa kwanza ni Arctostaphylos uva-ursi, unaotambaa chini na kuzaa matunda mekundu yanayofanana sana na lingoni. Hauna sumu, ila tunda lake ni la unga na halina ladha, na jani lake halina vile vidoadoa vyeusi upande wa chini, bali lina mtandao wa mishipa. Wa pili ni wa hatari. Ni Convallaria majalis, unaopendwa kwa maua yake meupe yenye harufu nzuri, ambao mwishoni mwa kiangazi huzaa matunda mekundu yenye sumu inayoathiri mapigo ya moyo. Majani yake ni mapana na marefu, yanatoka ardhini mawili mawili, na mtu mzima hawezi kukosea akiangalia. Mtoto anayeangalia rangi pekee anaweza. Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi ni Chernobyl. Baada ya ajali ya kituo hicho cha nyuklia cha Ukraine, Aprili 1986, mvua ilishusha sizi-137, yaani madini yenye mionzi, katika sehemu za Sweden, hasa kuzunguka Gävle na kuelekea kaskazini, na mwaka 1987 Sweden iliweka kikomo cha bekereli 1,500 (kipimo cha mionzi) kwa kilo kwa vyakula vya porini, yakiwemo matunda, uyoga na nyama ya kulungu. Nusu ya sizi hiyo huisha kila baada ya takriban miaka 30, na kwa ujumla matunda huibeba kidogo kuliko uyoga, hivyo hofu ya zamani imepungua sana.

Nimeulizwa pia kama mlingoni unaweza kupandwa nyumbani. Udongo si kikwazo, kwani mashamba ya chai ya Kericho na Mufindi yana tindikali ambayo ungeipenda. Kikwazo ni majira: mmea huu umezoea usingizi mrefu wa baridi, na bila usingizi huo hautoi maua inavyostahili. Bluberi zinazolimwa Kenya, kwa mfano zile za Kakuzi katika kaunti ya Murang'a, zimewezekana kwa sababu wazalishaji wa mbegu walitumia miaka mingi kupata aina zisizohitaji baridi kali. Kwa lingoni kazi hiyo haijafika mbali. Zipo aina za bustani kama Koralle, na zile za Sweden ziitwazo Sussi, Sanna na Ida, ila zote zilichaguliwa kwa ajili ya nchi za baridi. Hata hivyo bara letu halikukosa kabisa damu ya ukoo huu. Katika miteremko ya juu ya Ruwenzori na milima ya Virunga, kwenye ukanda wa baridi unaogusa Kongo, Uganda na Rwanda, huota Vaccinium stanleyi, ndugu wa mlingoni wa jenasi ileile, na ningefurahi sana kusikia kutoka kwa msomaji wa Goma, Kasese au Musanze ambaye amewahi kuuona kwa macho.

Kwa mwenye hamu ya kuonja tu, chupa za jemu ya lingoni huuzwa katika maduka ya IKEA, yakiwemo ya Dubai na Muscat, kwa hiyo ndugu zetu walioko Ghuba hawana haja ya kusafiri. Soma lebo kabla ya kulipa. Angalia asilimia ya matunda, kisha angalia kama sukari imetangulia mbele yake. Chupa yenye sukari nyingi kuliko tunda itakufundisha ladha ya sukari. Ukiipata iliyo tamu mno, kamulia limau, usiipashe moto, na uiweke pembeni ya nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta, badala ya kuipaka kwenye mkate.